Nzi wa matunda, kiwavi wa nondo wa nta au nyuki: mdudu yupi wa kupimia bakteria wa probiotiki?

Maabara inayotafuta bakteria wa probiotiki, yaani bakteria hai wanaotolewa ili kumletea mwenyeji manufaa ya kiafya, hujikuta haraka na wagombea wengi kuliko uwezo wake wa kuwapima. Nasaba kadhaa zimekwisha kutengwa kutoka katika vyakula vilivyochachushwa au katika kinyesi cha watu wenye afya, zimestahimili asidi na nyongo ndani ya neli ya kupimia, na sasa zinasubiri swali ambalo neli haiwezi kulijibu: je, zinamfaa kiumbe hai? Kuzipeleka zote kwa panya ni gharama kubwa na huchukua miezi, na kamati ya maadili itauliza, tena kwa haki, kama hakukuwa na njia nyepesi zaidi ya kuzichuja. Hapo ndipo wadudu wanapoingia. Kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama, iliyoelezwa na Russell na Burch mwaka 1959, inaunga mkono hatua hiyo. Nalo agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 kuhusu wanyama wa maabara linawagusa wenye uti wa mgongo pamoja na pweza na jamaa zake, lakini haliwagusi wadudu.

Watatu ndio wanaotajwa zaidi: nzi wa matunda (Drosophila melanogaster), kiwavi wa nondo wa nta (Galleria mellonella) na nyuki wa asali (Apis mellifera). Wa nne, kiwavi wa hariri (Bombyx mori), ana watumiaji wachache zaidi, naye atapata nafasi yake fupi.

Vigezo kabla ya majina

Uchaguzi huharibika pale mtafiti anapomchukua mdudu kwanza, labda kwa sababu maabara ya jirani inaye, halafu akaanza kutafuta swali la kumpima nalo. Ni salama zaidi kuandika kwanza, kwa sentensi moja, namna bakteria wako anavyodaiwa kufanya kazi: anashindana na vimelea utumboni, anachangamsha kinga, anasaidia kusaga chakula, au anaimarisha ukuta wa utumbo? Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua mengi yaliyobaki.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani, katika fasili yao ya mwaka 2001, waliiita probiotiki kuwa ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humletea mwenyeji wake manufaa ya kiafya. Ndani yake kuna masharti matatu: uhai, kiasi na manufaa. Kutokana na hayo, vigezo sita vinatosha kuwalinganisha wadudu hawa: njia ambayo bakteria huingilia mwilini, joto na hali ya utumbo, bakteria wenyeji wanaomkuta mgeni, kinga pamoja na zana za jeni, vipimo vinavyowezekana na muda wake, na mwisho kazi ya kila siku maabarani. Cha kwanza kina uzito kuliko vyote, nami sitaona haya kukipa nafasi kubwa zaidi.

Bakteria anaingiaje mwilini

Kwa kiwavi wa nondo wa nta, njia iliyozoeleka ni sindano. Mtafiti humshika kiwavi tumbo likiwa juu, humkandamiza kidogo mpaka miguu ya nyuma itokeze, kisha huchoma kwenye shina la mguu wa mwisho wa kushoto na kuingiza mikrolita 10. Sindano ikitoka, tundu hujifunga lenyewe. Dozi inajulikana kwa uhakika kwa kila kiwavi, jambo ambalo nzi na nyuki hawatoi kwa urahisi namna hiyo. Lakini bakteria hakuingia utumboni. Ameingia moja kwa moja katika hemolimfu, ambayo ndiyo damu ya mdudu. Kiwavi aliyedungwa bakteria wa maziwa (wale wanaotengeneza asidi ya laktiki) leo, kisha akadungwa kuvu wa Candida albicans kesho na kuishi muda mrefu kuliko wenzake, ameonyesha kwamba kinga yake iliamshwa mapema. Hajaonyesha kwamba bakteria huyo angefanya lolote akiliwa. Tafiti nyingi hulirukia daraja hili bila kuliangalia, na hapo ndipo ningeomba msomaji awe mkali.

Ipo njia ya kumlisha kiwavi huyo kwa nguvu, kwa sindano butu inayopitishwa mdomoni. Inahitaji mkono mtulivu, kwa kuwa viwavi hutema au huchubuka, ila dozi hubaki kujulikana na bakteria hupita mahali panapostahili. Anayetaka kuzungumzia utumbo huku akimtumia kiwavi wa nondo wa nta hana budi kuizoea.

Nzi wa matunda hula bakteria pamoja na chakula chake, na hilo linakaribiana na matumizi halisi ya probiotiki. Ugumu upo kwenye kiasi. Bakteria waliomiminwa juu ya chakula hukua humo, nzi huwala, huwanya juu ya chakula kile kile, kisha huwala tena. Kwa hiyo bakteria anayepatikana ndani ya nzi baada ya wiki moja huenda hajakaa utumboni hata kidogo. Huenda amekuwa akiingia na kutoka. Dawa yake ni kuhesabu bakteria walio hai katika chakula na katika nzi waliosafishwa nje, na kuwahamishia nzi kwenye chakula kipya kila baada ya siku mbili au tatu. Pia vihifadhi vinavyotiwa kwa desturi katika chakula cha nzi ili kuzuia kuvu, kama vile asidi ya propioniki, huweza kudhoofisha bakteria unaotaka kuwapima. Chakula cha jaribio hili lazima kipikwe upya, bila vihifadhi au kwa kiwango kilichokwisha kupimwa dhidi ya nasaba husika.

Nyuki hupokea bakteria katika maji ya sukari au katika chavua. Anaweza kulishwa mmoja mmoja tone linalojulikana kiasi chake, au kundi zima likalishwa ndani ya kizimba. Njia ya kundi ni rahisi, lakini nyuki hupeana chakula mdomo kwa mdomo, hivyo dozi ya mmoja mmoja hubaki wastani tu.

Joto na hali ya utumbo

Bakteria wengi wanaokusudiwa kwa binadamu hupendelea nyuzijoto 37. Kiwavi wa nondo wa nta huvumilia joto hilo bila taabu, na hii ni miongoni mwa sababu kuu za umaarufu wake. Nyuki naye yuko karibu, kwa kuwa eneo la mzinga lenye majana huwekwa na nyuki wenyewe kati ya nyuzi 34 na 36. Nzi wa matunda hufugwa kwa nyuzi 25, anaweza kusogezwa hadi 29, na kwa 37 anakuwa katika dhiki ya joto. Kwa Lactiplantibacillus plantarum (kwa kifupi L. plantarum), anayekua vizuri hata kwenye nyuzi 30, hilo si kikwazo. Kwa nasaba ambayo sifa zake hujitokeza tu kwenye joto la mwili wa binadamu, ni kikwazo kikubwa.

Utumbo wa kati wa nzi una kipande kidogo chenye asidi kali kinachofanana kwa kazi na tumbo letu, na hapo bakteria wengi hufa. Hata hivyo utumbo wake ni mwembamba na oksijeni huufikia, kwa hiyo bakteria wasioivumilia oksijeni, Bifidobacterium wakiwemo, hawapati makao mazuri. Nyuki anawapita wenzake hapa: utumbo wake wa nyuma una sehemu zenye oksijeni kidogo sana, na Bifidobacterium ni mwenyeji wake wa asili. Katika wote hao hakuna mwenye chumvi za nyongo kama zetu. Jaribio la kustahimili nyongo litaendelea kufanyika kwenye neli.

Wenyeji wanaomkuta mgeni

Utumbo wa nzi una spishi chache, hasa za makundi ya Lactobacillus na Acetobacter, na wote hao hukua maabarani kwa urahisi. Zaidi ya hapo, nzi wasio na bakteria hupatikana kwa njia nyepesi: mayai huoshwa kwa mmumunyo hafifu wa hipokloriti ya sodiamu hadi ganda la nje liyeyuke, husuuzwa, kisha huwekwa kwenye chakula kilichotakaswa. Mtafiti akimrudishia mdudu huyo bakteria mmoja tu, anajua ni nani aliyefanya kazi. (Anayesoma makala za zamani akumbuke kwamba mwaka 2020 jenasi Lactobacillus iligawanywa, na Lactobacillus plantarum wa wakati ule ndiye Lactiplantibacillus plantarum wa leo.)

Nyuki mtu mzima ana jamii ndogo ya bakteria inayofanana duniani kote, yenye wenyeji wakuu watano: Snodgrassella, Gilliamella, makundi mawili ya jamaa ya Lactobacillus, na Bifidobacterium. Kila mmoja ana sehemu yake. Snodgrassella hushika ukuta wa utumbo, ilhali Lactobacillus na Bifidobacterium hujaa zaidi katika rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo. Nyuki kibarua hutoka kwenye seli yake akiwa karibu hana bakteria, kisha huwapata kutoka kwa wenzake na mzingani katika siku chache za mwanzo. Pupa waliokomaa wakitolewa kwa koleo safi na kumalizia ukuaji wao kwenye kisanduku kilichotakaswa, mtafiti hupata nyuki karibu wasio na bakteria, na anaweza kuwajengea jamii anayoitaka. Lakini ushikamanifu huo wa wenyeji ni upanga wenye makali kuwili: bakteria wa kigeni, hata awe probiotiki mashuhuri kwa binadamu, mara nyingi hupita tu bila kutulia.

Kwa kiwavi wa nondo wa nta jambo hili lina utata zaidi. Utumbo wake mara nyingi hutawaliwa na Enterococcus, lakini hali hubadilika kulingana na chanzo cha viwavi. Wale wanaouzwa kama chambo cha samaki au chakula cha mijusi hawana historia inayojulikana, na baadhi huenda walilishwa viuavijasumu. Wapo wafugaji wanaouza viwavi wa viwango vya utafiti. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na jaribio zima linalotupwa.

Kinga na zana za jeni

Wadudu wote hawa wana kinga ya asili tu. Hawana kingamwili wala limfosaiti, na hawana kumbukumbu ya kinga kama yetu. Walicho nacho ni seli zinazomeza vimelea, protini fupi zinazoua bakteria, na melanini, ile rangi nyeusi inayomfanya kiwavi aliyezidiwa abadilike kutoka krimu kuwa kahawia na hatimaye mweusi kabisa.

Kwenye zana za jeni nzi hana mshindani. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2000, baada ya takriban karne nzima ya kazi iliyoanza na Thomas Hunt Morgan, na makumi ya maelfu ya nasaba zilizobadilishwa jeni huhifadhiwa na kugawiwa kwa watafiti. Ugunduzi kwamba njia ya Toll, mmoja wa mifumo ya ishara ndani ya seli, huongoza kinga ya nzi dhidi ya kuvu, uliotoka mwaka 1996 katika maabara ya Jules Hoffmann, ulimletea sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kwa mtafiti wa probiotiki maana yake ni ya vitendo: akidhani bakteria wake hufanya kazi kupitia njia ya Imd, mfumo mwingine wa ishara za kinga ya nzi, anaweza kuagiza nzi wasio na njia hiyo na kuona kama manufaa yanatoweka. Kwa viwavi wa nondo wa nta, ambao jenomu yao ilipatikana mwaka 2018, zana kama hizo bado ni chache. Kwa nyuki, jenomu ipo tangu 2006, lakini malkia hupandana angani na madume wengi, hivyo kutunza nasaba zilizobadilishwa ni kazi ngumu. Wengi hutumia mbinu za kunyamazisha jeni kwa muda.

Kinachopimwa, na kwa muda gani

Kiwavi wa nondo wa nta hutoa jibu ndani ya saa 24 hadi siku tano: nani yu hai, nani anatembea akiguswa, nani amegeuka mweusi, nani ameanza kufuma kifukofuko. Uzito wake wa takriban robo ya gramu huwezesha kupata hemolimfu ya kutosha kuhesabu seli na bakteria wa kila mmoja. Nzi ana uzito wa takriban miligramu moja, kwa hiyo vipimo vya aina hiyo hudai kuunganisha wengi pamoja.

Lakini nzi hupimika kwa maisha yake yote. Kutoka yai hadi mtu mzima ni takriban siku 10, na mtu mzima huweza kuishi miezi miwili au zaidi. Ukuaji, uzazi, shughuli na umri vyote huingia kwenye daftari moja. Ukuta wa utumbo hupimwa kwa njia ya kupendeza: nzi hulishwa rangi ya buluu isiyofyonzwa, na yule ambaye utumbo wake umeanza kuvuja huonekana mwili mzima ukiwa wa buluu. Mfano ulio bora zaidi wa manufaa ya mdudu huyu ni ule wa lishe duni. Mwaka 2011 kundi la François Leulier nchini Ufaransa lilionyesha kwamba L. plantarum huharakisha ukuaji wa mabuu wa nzi waliolishwa hamira kidogo. Mwaka 2016 nasaba ya spishi hiyo hiyo ilionyeshwa kudumisha ukuaji wa panya wachanga waliokosa lishe. Ni nadra kuona njia kutoka kwa mdudu hadi kwa mamalia ikiwa wazi kiasi hiki. Na somo la kiufundi liko humo humo: buu akishiba hamira, tofauti hupungua mno. Anayetumia chakula kinono cha kawaida anaweza kumwondoa kwenye orodha bakteria mzuri bila kujua.

Nyuki hupimwa uhai kizimbani kwa wiki kadhaa, ongezeko la uzito, usagaji wa chavua, na uwezo wa kukabili vimelea vyake mwenyewe. Pia anafaa kuonyesha kinachotokea baada ya viuavijasumu: waliopewa tetrasaiklini hupoteza sehemu kubwa ya bakteria wao na huishi muda mfupi zaidi, hivyo swali la kurudisha jamii iliyovurugwa linaulizika kwa njia ya moja kwa moja.

Kazi ya kila siku

Vikundi vya kulinganishia havina mjadala kwa mdudu yeyote: wasioguswa, waliopewa kimiminika kitupu, waliopewa bakteria waliouawa kwa joto, na waliopewa bakteria hai. Kundi la waliouawa husahaulika sana. Bila hilo, protini ya bakteria iliyoliwa kama chakula huhesabiwa kuwa ni probiotiki.

Hesabu nayo ina mtego wake. Nzi 20 walio ndani ya chupa moja wanashiriki chakula na bakteria. Kitakwimu chupa nzima huhesabiwa kuwa kipimo kimoja, wala si vipimo 20. Kizimba cha nyuki ni vivyo hivyo, na mizinga iliyowatoa nyuki inapaswa kuwa zaidi ya mmoja. Viwavi waliodungwa wanakaribia zaidi kuwa vipimo huru, ingawa kundi lililonunuliwa siku moja hufanana, hivyo jaribio hurudiwa kwa shehena tofauti.

Kwa vifaa, kiwavi anahitaji kidogo kuliko wote: sindano ndogo ya usahihi, sahani na kabati la joto. Nzi wanahitaji jiko la chakula, hadubini na mtu wa kuwahamisha wiki baada ya wiki. Nyuki wanahitaji mizinga, mfugaji mzoefu na subira ya msimu.

Kiwavi wa hariri, kwa ufupi

Huyu ni mkubwa, hufikia gramu kadhaa, hudungwa na kulishwa kwa urahisi, na hula majani ya mforosadi au chakula cha kutengenezwa. Watafiti wa Japani wamemtumia kuchuja bakteria wa maziwa kwa kupima jinsi misuli yake inavyokaza pole pole pale kinga inapochangamshwa. Utumbo wake una alkali kali, kinyume kabisa na njia ya asidi ambayo bakteria atapita kwa binadamu.

Kuchagua kulingana na hali

Aliye na nasaba nyingi na wiki chache, anayetaka kuondoa zile zenye madhara na kubakiza zinazoamsha kinga, atafaidika na kiwavi wa nondo wa nta kwenye nyuzi 37. Dozi ajaribu kwanza kwa ngazi, kwa kuwa hata bakteria mpole akidungwa kwa wingi mno huweza kumuua kiwavi. Katika ripoti yake aandike wazi kwamba bakteria walidungwa, na aache neno utumbo mpaka amewalisha.

Aliye na nasaba mbili au tatu na anataka kujua zinafanyaje kazi, hasa katika ukuaji, lishe, uzee au ukuta wa utumbo, nzi wa matunda ndiye atakayemjibu kwa kina. Afanye jaribio hilo kwa chakula kinono na kwa chakula duni, kwa nzi wasio na bakteria na kwa nzi wa kawaida.

Anayechunguza namna mgeni anavyopokelewa na jamii ya bakteria iliyokwisha kukaa, au anayefanya kazi na Bifidobacterium na wengine wasiopenda oksijeni, amfikirie nyuki, mradi apate ushirikiano wa mfugaji. Na anayetafuta probiotiki kwa ajili ya nyuki wenyewe hana sababu ya kuanzia kwingine. Aanze na bakteria waliotokana na nyuki.

Mwenye fedha kidogo na mwanafunzi mmoja wa shahada anaweza kuunganisha wawili: kiwavi kwa kuchuja, nzi kwa kuthibitisha kwa njia ya kulisha. Nasaba inayofaulu kwa sindano na kushindwa kwa mdomo bado inafaa kuripotiwa.

Na ambaye dai lake linahusu mzio, kingamwili, mwitikio wa chanjo, au mabadiliko ya nyongo na kolesteroli, asipoteze muda kwa yeyote kati ya hawa. Mifumo anayoitafuta haimo ndani ya mdudu. Seli za utumbo wa binadamu zinazokuzwa maabarani, kisha panya, ndiyo njia yake.